Maua ya porini yanayostahimili ukame: namna ya kuyapanda, na faida yake kwa nyuki, ndege na shamba lako

Kuanzia Mei mpaka mvua za Novemba au Desemba, sehemu kubwa ya Dodoma na Singida haipati mvua ya maana. Alizeti imeshavunwa, mtama umeshavunwa, mabua yamelishwa ng'ombe, na kingo za mashamba zimefyekwa au zimechomwa moto. Ni katika miezi hiyo mfugaji wa nyuki hufunua mzinga na kukuta masega makavu. Nyuki wetu wa Afrika wana tabia hiyo: chakula kikikosekana, kundi zima hunywa asali iliyobaki na kuhama. Msimu unaofuata alizeti inachanua, lakini wa kuichavusha ni wachache.

Katika makala haya tunaeleza jambo moja dogo linaloweza kupunguza njaa hiyo: kuacha au kupanda ukanda wa maua ya asili yanayovumilia jua, pembeni mwa shamba au nyuma ya boma. Tunazungumza zaidi na wasikilizaji wa Kanda ya Kati ya Tanzania, lakini wenzetu wa Kitui, Makueni na Baringo nchini Kenya watakuta mimea mingi wanayoifahamu.

Kwanza tujibu swali linaloulizwa kila tunapogusa mada hii: kwa nini mkulima apoteze nguvu kwa kitu ambacho watu wengi wanakiita magugu?

Chukua alizeti. Kile tunachokiita ua la alizeti si ua moja. Ni mamia ya maua madogo yaliyobanana kwenye kichwa kimoja, na kila kimoja kinahitaji chavua, hasa chavua inayotoka kwenye mmea mwingine, ndipo mbegu yake ijae. Nyuki wakipungua unapata mapepe: ganda lipo, kiini hakuna, na mashine ya kukamua haidanganyiki. Maboga na matikiti ni zaidi ya hapo, maana ua dume na ua jike vimetengana, na pasipo mdudu wa kubeba chavua tunda halikui. Nyanya nayo ina siri yake. Chavua yake imefungiwa ndani ya kitu kama kichupa, na hutoka vizuri ua likitikiswa kwa mtetemo. Nyuki wa asali hawajui kutikisa hivyo. Wanaojua ni nyuki wengine wa porini, kama wale wakubwa weusi wanaotoboa mbao za paa na kuvuma kama pikipiki ya mbali. Watu wengi huwafukuza bila kujua kazi wanayofanya shambani.

Nyuki wa porini ni wengi kuliko tunavyodhani. Afrika Mashariki ina mamia ya aina, na wengi wao hawaishi kwenye mzinga wala hawana malkia. Kila jike huchimba kitundu chake ardhini, au hutafuta bua lenye uwazi au mti mkavu, akaweka chavua na yai, akaziba. Kitundu hicho kikipigwa jembe la ng'ombe, au kikapitiwa na moto, kizazi cha mwaka ujao kimekwisha. Kwa hiyo ukingo ambao haulimwi na hauchomwi ni chakula na ni nyumba pia.

Mimea hii inahimili vipi ukame?

Si kwa njia moja, na kujua njia ya kila mmea kutakuonyesha namna ya kuupanda.

Mingine huweka akiba ya maji. Mshubiri hujaza majani yake msimu wa mvua, kisha hutumia kidogo kidogo. Vitundu vyake vya kupumulia hufunguka usiku, wakati hewa imepoa, na mchana hufungwa ili maji yasipotee. Mmea wa namna hiyo ukiumwagilia kila siku kwa huruma, unaozesha mizizi.

Mingine hailindi mwili wake kabisa, inalinda mbegu. Mgagani na marejea huota mvua inapoanza, huchanua haraka, huzaa na kufa. Mbegu hubaki kwenye udongo, na hazioti zote kwa mvua ya kwanza. Zingine husubiri msimu mwingine au mingine kadhaa. Tabia hii humkera mkulima anayetaka kila mbegu iote Jumatatu, lakini ndiyo iliyoifanya mimea hii ipite kwenye kila ukame uliowahi kuja.

Kundi la tatu hujificha ardhini. Umewahi kuona baada ya mvua ya kwanza ua jekundu la mviringo, kama mpira wa moto, likitoka kwenye udongo mtupu bila jani hata moja? Mmea huo ulikuwepo miezi yote ya kiangazi, umelala chini kama kitunguu. Ukichimbua udongo huo mwezi wa Septemba na kuona viazi visivyofahamika, virudishe. Usivionje wala usimpe mtoto, maana vingi vya namna hiyo vina sumu.

Ya kuanza nayo

Tungekuwa na nafasi ya mmea mmoja tu, tungechagua mshubiri wa porini. Hatusemi alovera ya dukani, ambayo asili yake ni Bara Arabu, bali mishubiri yetu yenye madoadoa au miiba pembeni mwa majani, inayoota kwenye mawe na kando ya barabara. Sababu ni wakati wake. Mishubiri mingi huchanua kiangazi, mashada mekundu au ya manjano yaliyosimama kwenye shina linalofika kimo cha mtoto wa shule, wakati pembeni hakuna kingine. Ndege chozi, yule mdogo anayeng'aa mwenye mdomo uliopinda, hunywa mbochi yake, yaani maji matamu ya ua, na akitoka kichwa kimejaa chavua. Nyuki nao huja asubuhi. Zaidi ya hayo, mbuzi hauli kwa hamu, na hakuna asiyejua sababu: ni mchungu kama shubiri. Ukiupanda kwa kubananisha kwenye tuta la fanya juu au kwenye mpaka, unashika udongo na unakuwa ua wa shamba.

Aina nyingine hutoa vichipukizi pembeni, nyingine huzaa kwa mbegu tu. Ukipata kichipukizi, kikate na uache jeraha likauke kivulini siku chache kabla ya kupanda. Panda juu ya mwinuko, pasipotuama maji. Jambo la kuangalia: usiende porini na gunia. Mishubiri yote, isipokuwa alovera ya dukani, imo kwenye orodha ya mkataba wa kimataifa wa CITES unaosimamia biashara ya mimea na wanyama wa porini, na Kenya ilipiga marufuku uvunaji wa mishubiri ya porini tangu mwaka 1986 baada ya utomvu wake kuvunwa kupita kiasi. Omba kichipukizi kwa jirani, au kusanya mbegu chache kwenye ardhi yako.

Kivumbasi hakihitaji utangulizi. Bibi zetu walikifukiza kufukuza mbu, na bado kipo nyuma ya nyumba nyingi. Maua yake ni madogo, hata huwezi kuyaita mazuri, lakini simama karibu nacho saa tatu asubuhi usikilize. Nyuki wa asali, nyuki wadogo wasiouma, vipepeo na nyigu wanaokula viwavi, wote wapo. Kina sifa nyingine inayowafaa wasio na muda: ukikata matawi baada ya kuchanua, kinachipua na kuchanua tena ilimradi udongo una unyevu kidogo. Maji ya kunawia mikono yanatosha kukiweka hai kiangazi chote, kwa hiyo kipande karibu na jiko au bafu.

Mgagani, ambao wenzetu wa Kenya wengi huuita saga au sageti, ni mboga kwanza na ua baadaye. Kama unaung'oa wote kabla ya maua, acha mashina machache yachanue. Maua yake meupe yenye nyuzi ndefu huvutia nondo wa jioni na nyuki wa alfajiri. Na hapa kuna jambo linalowavunja moyo wengi: mbegu mbichi za mgagani, zilizovunwa juzi, huota vibaya sana. Zinahitaji kupumzika miezi kadhaa. Wapo wanaotupa mbegu nzuri kwa kudhani zimekufa, kumbe hazijaamka.

Marejea ina maua ya manjano yanayofanana na ya maharagwe, yenye mistari myekundu au ya kahawia. Wamisionari Wabenedikto wa Peramiho, mkoani Ruvuma, waliisambaza sana kwa wakulima katika miaka ya 1980 kama mbolea ya kijani, kwa sababu mizizi yake huongeza naitrojeni kwenye udongo. Wale nyuki wakubwa weusi huipenda kuliko karibu kila kitu, maana wana uzito wa kufungua ua lake ambalo nyuki wa asali hushindwa. Kuna kipepeo pia wa rangi ya machungwa mwenye ncha nyeusi na madoa meupe, anayeonekana karibu kila kijiji. Dume lake hukwaruza na kunyonya majani makavu ya marejea kupata kemikali chungu, ambayo humsaidia kumvutia jike na kumfanya asiliwe na ndege. Kemikali hizo hizo ni sumu kwa mifugo ikila kwa wingi, hasa mbegu. Aina zinazoliwa kama mboga, zile zinazoitwa mitoo magharibi mwa Kenya, huchumwa majani machanga na kupikwa. Usiokote marejea yoyote ya porini ukaitia chunguni.

Mimea hii minne inatosha kuanzia. Ukiwa na nafasi, usikate kikwata kilicho mpakani. Jina lake la kisayansi lina neno la Kilatini lenye maana ya kubeba asali, na aliyelichagua hakukosea: huchanua kabla mvua haijashika, mti mzima ukawa mweupe.

Mengine ni mazuri kwa macho tu

Si kila ua linalopenda jua ni rafiki. Kiduha kina maua ya zambarau, au mekundu kwa aina nyingine, na ni cha asili hapa hapa Afrika. Lakini mizizi yake hunyonya mtama, mahindi na uwele kutoka chini, na shina moja hutoa maelfu kwa maelfu ya mbegu ndogo kama vumbi. Kiking'olewa kabla ya kuzaa, ukakichoma, umejiokoa. Ua hili hatulitaki kwenye ukanda wetu hata kama vipepeo wanalitembelea.

Gugu karoti lina maua meupe madogo na majani kama ya karoti. Asili yake ni Amerika, na hapa Tanzania liligunduliwa Arusha mwaka 2010. Huwasha ngozi, huleta shida ya kupumua kwa baadhi ya watu, na huua malisho. Ling'oe ukiwa umevaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi. Mathenge wa Baringo naye aliletwa kuzuia jangwa, nyuki wakafurahia maua yake, kisha akafunga njia za maji na malisho. Mwaka 2006 wananchi walifika mahakamani wakiwa na mbuzi aliyeharibika meno kwa kula maganda yake. Tunataja hilo kwa sababu kuna wauzaji wa miche wanaosema mmea wowote unaopendwa na nyuki ni mzuri. Hapana. Kwa upande mwingine, alizeti yenyewe ilitoka Amerika na hatuoni sababu ya kuing'oa. Swali la kuuliza kuhusu mmea wa kigeni ni moja: je, ukiuacha bila kuushughulikia, unabaki pale ulipoupanda?

Kuna pia waridi la jangwani, lenye shina nene kama chupa na maua ya waridi yanayovutia sana. Ni la kwetu, linavumilia ukame ajabu, na mijini linauzwa kwa bei nzuri. Lakini utomvu wake ni ule ule ambao Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi hupaka kwenye mishale yao ya kuwindia. Nyumba yenye watoto wadogo ikae nalo mbali.

Kabla ya kupanda, jaribu kuacha

Hili tunalisisitiza kuliko mengine, kwa sababu halina gharama. Udongo wako tayari una mbegu. Chagua kipande cha ukingo, hata hatua mbili kwa upana na ishirini kwa urefu, weka matawi ya miiba mbuzi wasiingie, usilime, usichome, na usubiri msimu mmoja wa mvua. Kitakachoota kitakushangaza.

Wasukuma wanalijua jambo hili tangu zamani kupitia ngitili, eneo la malisho linalofungwa msimu wa mvua na kufunguliwa kiangazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulipoanza mwaka 1986 katika mkoa uliokuwa umebaki karibu mtupu, ulitegemea sana desturi hiyo kuliko vitalu vya miche, na uoto ukarudi kwenye maeneo makubwa, pamoja na ndege na wanyama wadogo. Kondoa walichukua njia kali zaidi. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa kwenye eneo la Irangi lililokuwa limechimbika makorongo. Majani, vichaka na maua vilirudi bila kupandwa, lakini familia zilizotegemea ng'ombe ziliumia, na hatuwezi kusifu matokeo bila kutaja hilo. Kwa ukingo wa shamba lako hauhitaji kumhamisha mtu. Unahitaji kuelewana na jirani mwenye mbuzi.

Msimu wa kwanza ukipita, zunguka ukague. Kiduha na gugu karoti ng'oa. Usichokijua, kipige picha kwa simu: ua kwa karibu, jani upande wa juu na wa chini, na mmea mzima ukiwa na kitu pembeni cha kuonyesha ukubwa, kama ndoo. Mwonyeshe bwana au bibi shamba, au mzee anayechunga eneo hilo. Mara nyingi mchungaji hujua zaidi, kwa maana amewahi kumwona mbuzi wake akidhurika na mmea huo.

Mbegu na kupanda

Kusanya mbegu maganda yakiwa yamekauka lakini hayajapasuka, asubuhi, na chukua kidogo kutoka kila shina. Acha nyingi pale pale. Ndani ya hifadhi ya taifa au msitu wa hifadhi usichukue chochote bila kibali. Anika kivulini, kisha hifadhi kwenye bahasha au kitambaa pamoja na majivu makavu, sehemu isiyo na joto. Mfuko wa nailoni hushika unyevu na kuozesha. Andika jina na mwezi.

Kabla ya msimu, jaribu mbegu 20 kwenye kitambaa chenye unyevu kwa muda wa siku kumi. Zikiota 10 au zaidi, endelea. Marejea ya porini yenye ganda gumu ikigoma, imiminie maji ya moto yaliyokwisha kutolewa jikoni, si yanayochemka, uache yapoe usiku kucha. Mbegu za kivumbasi na mgagani ni ndogo sana, usizifukie. Changanya na mchanga mkavu ili zisambae, nyunyiza juu ya udongo uliokwanguliwa kidogo, kanyaga taratibu. Kivumbasi kikipata maji mbegu yake huvimba na kujifunika ute. Huo si ugonjwa.

Panda mvua inapokaribia kushika, si kwa manyunyu ya kwanza yanayodanganya. Udongo ukiwa mgumu kama saruji, chimba mashimo kama yale ya Chololo, kijiji cha Dodoma kilichoyapa jina, yenye kina cha kama sentimita 30, tia samadi kidogo na majani makavu, na upande kwenye ukingo wa shimo. Samadi iwe kidogo kweli. Maua ya porini yakipewa chakula kingi hutoa majani na kusahau kuchanua, na nyasi huyameza.

Wengine wanaogopa kwamba ukanda huu utawaita kwelea kwelea. Ndege hao hufuata mbegu za nyasi na nafaka ndogo, si mishubiri na vivumbasi. Kama shamba la jirani ni la mtama au uwele, fyeka nyasi zinazoanza kuzaa ndani ya ukanda na acha maua yasimame. Hofu ya nyoka ina ukweli zaidi, kwa hiyo ukanda usiwe mlangoni wala kwenye njia ya watoto ya kwenda shule. Mizinga vivyo hivyo: iwe mbali na nyumba na zizi, kwa sababu nyuki wetu ni wakali.

Limebaki suala la dawa za wadudu, na hapa ndipo kazi yote inaweza kuharibika kwa asubuhi moja. Ukanda wa maua kando ya shamba linalopuliziwa saa nne asubuhi ni mtego: umewaita nyuki, kisha umewapa sumu. Kama ni lazima kupulizia alizeti au mboga, fanya hivyo jua likiwa limezama na upepo umetulia, usielekeze bomba kwenye ukingo, na usipulizie zao likiwa katikati ya kuchanua. Mwambie mwenye mizinga siku moja kabla ili azibe milango kwa usiku huo. Na kama jirani yako ndiye anayepulizia mchana, mfuate na kichwa cha alizeti chenye mapepe mkononi, mkikague pamoja. Shamba lake linategemea nyuki wale wale.